Anayenunua nyumba maeneo kame apime pia gharama ya umeme

WATU wengi wanaotafuta nyumba za kununua katika miji ya kaskazini mwa Kenya huuliza kuhusu bei, uhalali wa hatimiliki na upatikanaji wa maji. Ni wachache wanaouliza nyumba hiyo hutumia umeme kiasi gani, ilhali hiyo ndiyo gharama itakayomwandama mwenye nyumba kila mwezi hata baada ya kumaliza kulipa bei ya ununuzi.

Maeneo kame na yale ya nusu jangwa huchukua takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya. Katika miji kama Lodwar na Garissa, joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 35 za selisiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na usiku nao hauleti nafuu kubwa.

Wapo wanaodhani kwamba umeme wa huko huuzwa ghali zaidi. Sivyo. Ingawa miji kama Wajir na Mandera imetegemea kwa miaka mingi mitambo ya dizeli isiyounganishwa na gridi ya taifa, viwango vya malipo ni vya nchi nzima. Mteja wa Mandera na mwenzake wa Nairobi walio katika kundi moja la matumizi hulipia uniti kwa bei moja. Kinachotofautiana ni idadi ya uniti.

Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaopita 100. Mteja huwekwa katika kundi kwa kuangalia wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Anayepanda kundi hulipia uniti zake zote kwa kiwango cha juu, wala si zile za ziada pekee. Juu ya hapo huja ada ya mafuta, marekebisho ya ubadilishanaji wa sarafu, ushuru wa kusambaza umeme mashambani na VAT ya asilimia 16.

Hesabu yenyewe si ngumu. Feni ya wati 60 inayozunguka saa 12 kwa siku hutumia takriban uniti 22 kwa mwezi. Feni mbili hukaribia uniti 43, na tayari familia imeondoka katika kundi la chini kabla ya kuwasha taa, friji au runinga.

Kiyoyozi ndicho kizito zaidi. Kile kidogo cha chumba kimoja huvuta takriban kilowati moja kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Kikiwashwa saa nane kila usiku, hicho ni kiasi cha uniti 240 kwa mwezi. Hata kikitumia nusu ya hizo kwa sababu hujizima chumba kikipoa, bado kitaipitisha nyumba uniti 100 peke yake.

Kwa hivyo, swali la busara ni iwapo nyumba yenyewe inaweza kukalika bila kiyoyozi. Paa la mabati lisilo na dari huteremsha joto moja kwa moja vichwani mwa wakazi. Kwa kuwa Kenya imo kwenye ikweta, jua huchoma zaidi kuta za mashariki na magharibi. Nyumba ambayo pande zake ndefu na madirisha yake vinaelekea kaskazini na kusini, yenye veranda pana, miti ya kivuli na paa jeupe, hupata nafuu kubwa.

Mnunuzi asiridhike na ziara ya asubuhi. Afike saa tisa alasiri, kisha arudi saa tatu usiku na kuugusa ukuta kwa ndani. Ukuta wa mawe uliopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto hilo wakati watoto wanapolala.

Aulize pia kuhusu maji. Pampu ya kisima ya kilowati moja na nusu ikifanya kazi saa mbili kwa siku hula uniti 90 kwa mwezi.

Nishati ya jua ni tegemeo la kweli. Mtambo wa sola wa Garissa, wenye uwezo wa takriban megawati 50, ulizinduliwa rasmi mwaka 2019. Hata hivyo, paneli hupungukiwa na nguvu zinapopata joto kali na vumbi, na betri huzeeka haraka katika chumba chenye joto. Anayeuziwa nyumba yenye sola aulize umri wa betri na zinakowekwa.

Mwisho, mnunuzi aombe rekodi za ununuzi wa tokeni za miezi 12 na athibitishe na kampuni ya umeme kwamba mita haina deni. Deni lililowekwa kwenye mita hukatwa tokeni zinaponunuliwa, na mmiliki mpya anaweza kujikuta akilipia umeme uliotumiwa na mwingine.

Akishajua kiasi hicho cha kila mwezi, akizidishe kwa miaka anayokusudia kuishi humo. Huenda nyumba iliyoonekana rahisi ikawa ndiyo ghali.