Sura ya Kristo Katika Kitambaa Cheupe

Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, upande wetu wa mto Songwe unaotutenga na Malawi, kijana aweza leo kurudi kutoka Tunduma na filamu ya mateso ya Kristo iliyotiwa katika simu yake, akaitazama usiku peke yake, bila ya mzazi wala mchungaji kujua aliloliona. Suala la kuwa ni halali au si halali Mkristo kutazama filamu za dini zenye utata hujadiliwa aghalabu kana kwamba lilizaliwa pamoja na simu hizo. Walakini umri wake umepita karne.

Mwaka 1912 kampuni ya Kalem ya Marekani ilipiga katika Misri na Palestina filamu ya maisha ya Yesu, na London makasisi wakaalikwa kuikagua. Bodi ya ukaguzi ya Uingereza, iliyoanza kazi mwaka uliofuata, ilikuwa na makatazo mawili tu: uchi, na mtu kuigiza umbo la Kristo.

Mtu angedhani kuwa wamisionari wangelileta Tanganyika katazo hilo kama lilivyo. Kumbe Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa shauri la J. Merle Davis, aliyekuwa amechunguza maisha ya wachimbaji shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, lilipata fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na mwaka 1935 likaanzisha huko Vugiri, milimani Usambara, jaribio la sinema chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, juu ya safura, kodi, akiba ya posta na mmomonyoko wa udongo, zikapakiwa katika lori pamoja na mtambo wa umeme na sahani za santuri zenye maelezo, na kutembezwa hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Na penye watu wasiofahamu lugha ya sahani, mkalimani alishika kipaza sauti akawaeleza kwa lugha yao. Mkalimani huyo ndiye ninayemtaja kwa heshima kuu, kwa maana picha haikuachwa iseme peke yake.

Wakati jaribio hilo lingali likiendelea, tarehe 29 Juni 1936, Papa Pius wa Kumi na Moja aliwaagiza maaskofu wazipange filamu kwa daraja, ili waumini wajue ipi yafaa na ipi haifai. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mapadri Weupe wa Bukavu, huko Kongo, walikuwa wakipiga filamu zao wenyewe. Hata filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kuzunguka vijijini kwa miaka mingi, ilikuja na mhubiri, aliyesimama picha ikiisha akajibu maswali.

Zilizofuata zilikuja bila mhubiri. Filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1988, iliyotokana na riwaya ya Nikos Kazantzakis, ilitia watu ghadhabu hata jumba moja la sinema la Paris likachomwa moto, na moto ule haukumwondolea muumini hata mmoja tashwishi yake. Ya Mel Gibson ya mwaka 2004 ilisifiwa makanisani, ingawa wengine walichelea damu yake na lawama iliyowatwika Wayahudi. Nchini mwetu Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 yatoa mamlaka ya kukagua filamu na kuzizuia, lakini sheria iliyotungwa zama za majumba ya sinema haiwezi kukaa macho mbele ya kila simu.

Kwa hiyo siafiki katazo la jumla, wala siafiki kunyamaza. Enyi wachungaji na wazee wa makanisa ya Ileje, tundikeni kitambaa ukutani jioni moja ya Jumapili, onyesheni filamu ile ile ambayo vijana wenu wamekwisha kuiona kwa siri, kisha fungueni Injili ya Luka mbele yao na muwaache waulize.