UZI: Nyigu asiye na duka

1/ Huu mjadala mnaujua. Kila msimu wa kampeni, na kila bajeti ikisomwa, lazima urudi. Upande mmoja unasema: dawa za sumu zipigwe marufuku, zinatuua polepole kupitia sukuma wiki. Upande wa pili unajibu: sawa, piga marufuku, halafu Desemba utuambie unga tutatoa wapi. Mwaka 2019 ombi la kutaka dawa kadhaa ziondolewe sokoni lilifika hadi Bunge la Taifa, na tangu hapo hoja ni zile zile, sauti ndiyo inayopanda.

Kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunauliza tu: hoja imetoka wapi, na ni kitu gani hakisemwi? Leo kisichosemwa ni kidogo kuliko punje ya mchele.

2/ Tuanze na maana. Kuna nyigu wadogo sana, wengi wana urefu wa milimita chache, na hawamuumi mtu. Jike hutafuta mdudu mharibifu na kutaga yai ndani yake. Yai likianguliwa, mtoto wa nyigu anamla mwenyeji wake kutoka ndani, kisha anatoka nyigu mpya kwenda kutafuta mwingine.

Halafu kuna kuvu. Mbegu zake, laini kama vumbi, zikimgusa mdudu zinachipua, zinatoboa ngozi na kukua ndani mpaka mdudu anakufa. Ile inayotajwa sana Afrika Mashariki inaitwa Metarhizium.

Hivyo viwili, nyigu na kuvu, ndio moyo wa kile kinachoitwa udhibiti wa kibayolojia. Wengi wanadhani ni kitu cha juzi kilicholetwa na mashirika ya wafadhili. Si kweli. Nairobi ina historia yake ya karibu miaka 100.

3/ Ukipanda matatu ya Kikuyu hapo mjini, ukapita Westlands, unafika Kabete. Maabara za KALRO unazoziona kando ya Waiyaki Way ziko pale ambapo wakati wa ukoloni palikuwa na Scott Agricultural Laboratories. Kisa chetu kinaanzia hapo.

Mwaka 1923 hivi, mdudu mweupe anayefanana na unga ulionyunyizwa alionekana kwenye kahawa upande wa Thika. Wakulima wengi leo wanamwita milibagi. Anafyonza maji ya mmea, na akizidi kahawa haizai. Alienea mashamba ya mashariki ya Bonde la Ufa, na hakuchagua: aliingia pia kwenye mimea ya chakula ya Waafrika. Walowezi walipaka grisi kwenye mashina ili kuzuia sisimizi wanaomlinda milibagi kwa sababu wanakula utamu anaotoa. Ilisaidia kiasi, lakini hebu fikiria kupaka grisi kila mti, mwaka baada ya mwaka.

4/ Wataalamu wa Kabete walijua kwamba adui wa mdudu hupatikana kule mdudu alikotoka. Shida ni kwamba walimtambua vibaya. Walidhani ni spishi inayojulikana kwingine duniani, kwa hivyo wakaagiza maadui wa spishi hiyo kutoka nchi za mbali, wakiwemo wa Asia. Wadudu walioagizwa walifika, wakaachiliwa, na hakuna cha maana kilichotokea. Miaka zaidi ya 10 ikapita hivyo.

Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley alionyesha kwamba huyu ni spishi ya peke yake, akaipa jina kenyae. Kumbe jina lenyewe lilidanganya tena kidogo, maana mdudu huyu alikuwepo Uganda, akiishi kimya bila kusumbua mtu. Kwa nini kimya? Kwa sababu kule alikuwa na maadui wake. Mwaka 1938 nyigu wa jamii ya Anagyrus wakachukuliwa Uganda na kuletwa Kenya. Dawa waliyoitafuta ng'ambo ya bahari ilikuwa kwa jirani.

5/ Matokeo? Kwa miaka michache nyigu walienea, na milibagi akashuka kutoka janga hadi kero ya kawaida. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema kwamba kufikia 1959 kazi hii iliokoa takriban pauni milioni 10, na gharama yake yote haikuzidi pauni 30,000. Piga hesabu: kila pauni moja iliyotumika ilirudisha zaidi ya 300. Sijui mradi wa serikali wa leo unaokaribia hapo.

6/ Sasa siasa. Nani alilipa, na kwa ajili ya nani?

Serikali ya kikoloni ililipia maabara kwa sababu kahawa ilikuwa mali ya walowezi. Waafrika walizuiwa kuilima. Majaribio madogo yaliruhusiwa Kisii, Embu na Meru miaka ya 1930, na ni Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliofungua mlango hasa. Kwa hivyo mwenye mmea alikuwa na sauti serikalini, na serikali ikalipa. Hilo likumbukwe: hata dola iliyojengwa juu ya ubaguzi ilielewa kwamba nyigu hawezi kuachiwa soko.

Kwa nini hawezi? Kwa sababu nyigu akishaachiliwa, anazaana mwenyewe na anaruka ua. Ukimlipia wewe, jirani yako anafaidika bure. Huwezi kumtia kwenye chupa ukamuuza tena msimu ujao. Darasani tunaita hii bidhaa ya umma, sawa na taa ya barabarani. Kila mtu anaitaka, hakuna anayetaka kuinunua peke yake.

Chupa ya dawa ni kinyume. Inaisha, na mkulima anarudi dukani. Ina kampuni, ina msambazaji, ina bango, ina kijana wa agroveti anayekueleza uchanganye vifuniko vingapi. Nyigu hana duka. Hana bango. Hana mtu wa kumtetea kamati ikikutana.

7/ Ndiyo maana kilichofuata hakishangazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa za viwandani zilifika kwa wingi, na miaka ya 1950 na 1960 zikanyunyizwa sana kwenye kahawa. Dawa kali haiulizi nani adui na nani rafiki. Iliua pia nyigu, na wadudu ambao zamani hawakuwa tatizo kubwa, kama viwavi wanaokula majani ya kahawa, wakalipuka. Mkulima akaona wadudu wameongezeka. Afanye nini? Akanunua dawa nyingine.

Hii ndiyo sehemu ambayo pande zote mbili za mjadala zinairuka. Anayesema "mkulima hawezi bila dawa" mara nyingi anaeleza hali ambayo dawa yenyewe ilisaidia kuitengeneza. Lakini anayesema "piga marufuku kesho" anamwacha huyo mkulima bila dawa na bila nyigu pia, maana nyigu hawarudi kwa tangazo la gazeti la serikali.

8/ Baada ya uhuru, mwaka 1970, Profesa Thomas Odhiambo alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Kilianzia Chiromo, pale chini ya Westlands, na leo makao yake yako Kasarani. Wazo lake lilikuwa la kisiasa kama lilivyokuwa la kisayansi: Mwafrika awe ndiye anayeuliza swali kuhusu wadudu wake.

Mwaka 1993 icipe iliachilia Pwani nyigu anayeitwa Cotesia flavipes, aliyetoka Asia, dhidi ya yule kiwavi anayetoboa bua la mahindi. Kiwavi huyo pia alitoka Asia, akaingia Afrika miaka ya 1930 bila adui wake. Jike la nyigu huyu linaingia ndani kabisa ya tundu la bua kumfuata kiwavi, mahali dawa haifiki. Mwaka uliofuata, 1994, Hans Herren akawa mkurugenzi mkuu. Huyu ndiye aliyeongoza kazi ya kumleta nyigu kutoka Paraguay kuokoa muhogo wa Afrika kutokana na milibagi mwingine, kazi iliyompa Tuzo ya Chakula Duniani 1995.

9/ Nyigu na kuvu wamekutana wapi basi? Kwenye embe.

Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Pwani ya Kenya. Na tena hadithi ya jina: kwanza aliitwa spishi mpya, baadaye wataalamu wakakubaliana ni yule yule nzi wa Asia aliyejulikana zamani. Jike hutaga ndani ya embe, funza wanakula nyama ya tunda, embe linaoza mkononi mwa mteja. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kabla haijafungiwa, na haikurudi huko hadi 2021, baada ya kazi ya kutenga eneo lisilo na nzi huko Makueni.

Mwaka 2006 icipe ilileta kutoka Hawaii nyigu wawili. Mmoja hutaga ndani ya yai la nzi, mwingine ndani ya funza. Ila nyigu peke yao hawatoshi, kwa sababu wengine wa nzi wataponyoka. Funza aliyeshiba anaanguka chini na kujificha udongoni ili ageuke nzi. Hapo udongoni ndipo kuvu inamsubiri. Juu ya mti nyigu, chini ya mti kuvu. Kila mmoja anashika mlango ambao mwenzake hawezi.

Lazima wapangwe vizuri, maana kuvu ikimwagwa ovyo inaweza kumdhuru nyigu pia. Kwa hivyo huwekwa udongoni, au ndani ya mtego ambao nzi anaingia kwa harufu na kutoka akiwa amebeba mbegu za kuvu. Kuna pia hema dogo la wavu ambamo mkulima anatupa maembe yaliyooza: nzi ni mkubwa, anabaki ndani, nyigu ni mdogo, anapita kwenye matundu na kurudi shambani. Naipenda hiyo teknolojia kwa sababu inahitaji tu wavu na nidhamu ya kuokota.

10/ Tuwe wakweli pia kuhusu upande mgumu. Nzige walipoingia Kenya mwisho wa 2019, kuvu yao ilikuwepo. Ilitengenezwa kutokana na mradi ulioanza 1989, na Somalia iliitumia kwa upana. Kenya ilitegemea zaidi dawa za viwandani. Kuvu huchukua siku hadi wiki kadhaa kuua. Kundi likiwa juu ya shamba lako, wiki ni umilele. Na kwa kiongozi, ndege inayonyunyizia inaonekana kwenye taarifa ya saa moja. Nzige anayekufa polepole baada ya siku 10 haonekani popote.

Tena si kila mdudu ana nyigu wake, na kuleta kiumbe hai kutoka nje bila uchunguzi ni kujitafutia balaa jipya. Ndiyo maana KEPHIS, makao yake Karen, lazima ihusike, na majaribio ya karantini huchukua muda.

11/ Sheria inasemaje? Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ni ya 1982. Bodi yake, PCPB, iko Loresho, hapo hapo Waiyaki Way karibu na maabara za KALRO. Kuvu iliyofungwa kwenye pakiti inasajiliwa na bodi hiyo, kwa hivyo kuvu angalau ina duka. Kampuni za Kenya zinaiuza. Nyigu anayeachiliwa huru ndiye yatima.

Na yatima huyu ana tatizo la Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mimea na mifugo, na sera ya kilimo inabaki kwa serikali ya kitaifa. Nyigu akiachiliwa Makueni atafika Machakos. Kaunti gani itatenga pesa kwa mdudu atakayehamia kwa jirani? Gavana gani ataweka jiwe la msingi la nyigu? Pengo hilo hujazwa na wafadhili wa nje, na mfadhili akiondoka, chumba cha kuzalishia nyigu kinafungwa taa.

Mwaka 2003 pale Maputo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kenya imekaa chini ya hapo kwa miaka mingi, na hata ndani ya kile kidogo, mbolea inaonekana kuliko maabara.

12/ Kwa hivyo ukisikia mjadala huu tena, kwenye redio ya matatu au hapa mtandaoni, uliza maswali matatu kabla hujachagua upande.

Kwanza: anayetaka marufuku, ameweka pesa ngapi za kuweka kitu mahali pa dawa, na kwa miaka mingapi?

Pili: anayetetea dawa, anahesabu na gharama ya wadudu rafiki waliokufa, au anahesabu chupa tu?

Tatu: nani analipia ile kazi isiyopigwa picha, ya mtu anayekaa na darubini kutambua huyu ni mdudu gani? Kabete walipoteza zaidi ya miaka 10 kwa sababu ya jina moja.

Ukiwa Kangemi au Marikiti jioni ukichagua nyanya, wewe uko ndani ya mjadala huu, upende usipende. Mkulima ameshachagua kati ya vitu alivyoonyeshwa dukani. Kazi ya siasa ni kuhakikisha anaonyeshwa na kile ambacho hakiuzwi.

Mwisho wa uzi. Swali au nyongeza, weka hapo chini, na tafadhali bila majina ya vyama.