Mvivu au Mgonjwa? Safura katika Shule za Kusini mwa Marekani, 1909–1914

Yafaa anayemhukumu mwanafunzi asinziaye darasani akumbuke yaliyotokea kusini mwa Marekani. Huko watoto wa wakulima maskini, waendao peku, walikuwa dhaifu na wenye kupauka, nao wakasemwa kuwa wavivu wa kuzaliwa. Mnamo 1902 Charles Wardell Stiles aliueleza mnyoo wa safura upenyao ngozi ya miguu na kunyonya damu utumboni. Aliuita Necator americanus, yaani «muuaji wa Amerika». Jina hilo lapotosha, kwani yaaminika kwamba ulivuka bahari kutoka Afrika katika merikebu za watumwa.

Mwaka 1909 Rockefeller alitoa dola milioni 1. Tume yake ikapima watoto wa shule katika majimbo 11, ikakuta kiasi cha 40 kwa 100 wana safura. Dawa yenyewe, timoli pamoja na chumvi ya kuharisha, ilikuwa kali; mafuta na pombe vilikatazwa, visije vikaivusha hadi katika damu. Watoto walipata nafuu, wakahudhuria shule zaidi. Lakini palipokosekana vyoo, udongo uliwarudishia minyoo ileile. Na tume ikafungwa mwaka 1914.