Taruma Lililopasuka: Ufundi wa Vyombo kwenye Maingilio ya Mto Ruvuma

Taruma ni ubavu wa chombo cha mbao: mti uliopinda, unaokaa ndani ya chombo ukikatiza mbao za pembeni na kuzishika zisiachane wala zisisukumwe ndani na maji. Jahazi huwa na mataruma mengi, kuanzia omo hadi tezi. Moja likipasuka, chombo hakizami siku hiyo. Mbao zilizoshikwa na taruma hilo huanza kucheza, pamba iliyoziba nafasi kati yake hulegea, maji huzidi kwenye ngama, na mataruma ya jirani hubebeshwa mzigo usio wao. Yakiachwa, nayo hupasuka kwa zamu. Waandishi wengi wa habari za majahazi wamependa kueleza safari na bidhaa. Ufa huu mdogo umeandikwa kidogo mno, ingawa ndio ulioamua chombo kingeishi miaka mitano au thelathini.

Katika pwani ya Mtwara habari za taruma huanzia mahali ambapo halipo. Kijiji cha Kitaya kiko kando ya Ruvuma, juu ya mlango wa mto, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Hapo chombo cha tangu zamani ni mtumbwi wa gogo moja. Mto una mafungu ya mchanga yanayohama kila masika, na kina chake cha kiangazi hakivumilii chombo kizito. David Livingstone alilijua hilo mwaka 1861, alipoingia Ruvuma na meli yake ya mvuke, Pioneer, akalazimika kurudi kwa kuhofia maji yangepungua na kuiacha imekwama. Mwaka 1862 alipanda tena mto huo kwa mashua ndogo. Mtumbwi hauhitaji mataruma kwa kuwa ukuta wake ni mti mmoja. Ufa wake hufuata nyuzi za mti, na mara nyingi huanzia kwenye ncha, chombo kikiachwa juani. Dawa yake ni pamba au kitambaa kilicholoweshwa lami, kipande cha bati juu yake, na misumari mifupi iliyopigwa kwa karibu. Ubavu ukianza kufunguka, kipande cha mti hukazwa kati ya kuta mbili ili mdomo wa mtumbwi ubaki na upana wake.

Kuteremka mto, maji baridi hukutana na ya chumvi na mikoko huanza. Eneo hili ndilo lililofanya maingilio ya Ruvuma kuwa mahali pa kutengenezea vyombo. Fundi wa mataruma hatafuti mti mnyoofu. Hutafuta tawi au shina lililopinda lenyewe kwa kadiri ya ubavu wa chombo, na mikoko ina mapindo ya kila namna. Mlilana na mchu, aina mbili za mikoko, imetumika sana kwa mataruma. Msikundazi hutoa milingoti. Sababu ya kusaka pindo la asili ni ya kimaumbile. Nyuzi za tawi lililopinda huzunguka pamoja na pindo hilo, kwa hiyo nguvu ya maji husafiri kwenye nyuzi kutoka ncha hadi ncha. Taruma likichongwa kutoka ubao mnyoofu, nyuzi hukatwa pale pale penye pindo, na hapo ndipo litakapopasuka. Mataruma mengi yaliyovunjika kabla ya wakati wake yalikuwa na kasoro hiyo tangu siku yalipochongwa.

Namna ya kuponya ufa imebadilika mara moja kubwa, pale msumari ulipochukua nafasi ya kamba. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walikuta katika kisiwa cha Msumbiji, kusini ya Ruvuma, vyombo visivyo na msumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za kumbi. Mtepe wa Lamu na Wabajuni ndio uliokuwa wa mwisho wa ukoo huo, nao ulitoweka katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Katika chombo cha kushonwa, mbao huunganishwa kwanza na mataruma huingizwa baadaye, yakafungwa kwa kamba. Taruma likivunjika, kamba hukatwa, mti hutolewa, mwingine huwekwa, na matundu ya zamani hutumika tena. Ubao haupati jeraha jipya. Gharama yake ilikuwa kazi isiyokwisha, kwa sababu kamba huoza na chombo hudai kushonwa upya mara kwa mara. Faida yake ilikuwa ulaini: chombo kilipogonga mchanga kilipinda kidogo, na mataruma hayakupokea kishindo chote.

Msumari uliondoa ulaini huo. Jahazi la misumari ni gumu, hubeba mzigo mkubwa na hustahimili miaka, lakini kishindo cha kukaa mchangani huenda moja kwa moja kwenye mataruma. Matengenezo nayo yakawa magumu, maana msumari ukishapita ubao na taruma kisha ncha yake ikapindwa kwa ndani, kuung'oa ni kupanua tundu. Mafundi wa pwani walipata jibu ambalo bado linatumika: taruma bovu huachwa mahali pake, na jipya huwekwa ubavuni mwake, likashika ubao usiotobolewa. Ndiyo maana ndani ya jahazi kuukuu huonekana mataruma yaliyokaa mawili mawili, la zamani jeusi na lenye ufa, la pili la rangi nyingine. Asiyejua huona kazi ya ovyo. Kwa hakika hiyo ni hesabu nzuri ya mtu aliyepima kipi ni ghali zaidi, taruma au ubao.

Kazi yenyewe hufuata bahari. Katika pwani ya Mtwara maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na fundi hutumia tofauti hiyo badala ya mtambo. Chombo huletwa pwani maji yanapojaa, shehena na farumi zikiwa zimeshatolewa. Maji yakitoka, chombo hutiwa magadi kila upande kisilale. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa na wenye haraka. Chombo kilichokaa vibaya juu ya magadi huwa kimepindika, na taruma likikazwa katika hali hiyo, huufungia upindo huo ndani, nao utatoka kwa nguvu chombo kikirudi majini. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi waweza kubanwa. Ufa unaokatiza nyuzi haubanwi: hutaka mti mpya.

Umbo huchukuliwa kwa ufito mwembamba au waya uliolazwa juu ya ubao. Tawi huchongwa kwa tezo, hujaribiwa, hutolewa, hupunguzwa, hurudishwa, mpaka likae bila upenyo. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili msumari usipasue mti mpya. Msumari huingia kutoka nje, shingo yake ikiwa imezungushiwa pamba yenye mafuta, na ncha hupindwa ndani. Kisha mbao hukalafatiwa upya, hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa kuzuia mdudu anayetoboa mbao. Kama chombo kilipandishwa juu kabisa, husubiri bamvua nyingine, takriban wiki mbili, ili kielee.

Ngalawa, chombo cha wavuvi wengi wa Msimbati na Mikindani, ina kiungo kingine cha namna hiyo: matengo, miti miwili inayokatiza juu ya mtumbwi na kushika marengu, yaani mbao za pembeni zinazozuia chombo kisipinduke. Tengo likipasuka hubadilishwa zima, na kwa kuwa bado hufungwa kwa kamba, kazi hiyo haimsumbui mwenye chombo.

Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na shehena kubwa zikahama kutoka majahazini. Injini zilipofungwa tezi, mtikisiko wake ulianza kulegeza misumari na mataruma ya nyuma. Pigo zito zaidi lilikuwa la mti wenyewe. Ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku Tanzania Bara mwaka 1987, na mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mikoko ilihitaji ulinzi huo, maana ndiyo makulio ya samaki na kambamiti. Lakini fundi alipoteza ghala lake la mapindo, na akageukia mwembe na miti mingine ya mashambani, ambayo pindo lake zuri ni la kubahatisha.

Kwingine mti wenyewe umeachwa. Huko Lamu, mwaka 2018, ilizinduliwa Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika tena, ambalo mataruma yake nayo ni ya plastiki. Mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Boti za faiba, zinazoenea sasa pwani yote, hazina taruma la kuchongwa. Ufa wake husuguliwa, hutandikwa kitambaa cha faiba na kupakwa gundi yake, na hukauka kwa saa chache. Kazi hiyo haihitaji bamvua, tezo wala tawi lililopinda.