Mji uliopotea kwenye jedwali

Najua nimepotea kidogo humu, mnisamehe, wiki mbili hizi zilikuwa za kukimbizana na kazi za vikundi. Leo nina kisa cha seminari ya historia, kimenikaa kooni tangu Jumanne.

Kundi letu lilipewa Poland: miji mikubwa na idadi ya watu, tulinganishe sensa mbili. Nikaona huo ni mteremko. Sensa ya 1931: Warsaw watu milioni 1.17, Łódź 605,000, Lwów 312,000, kisha Poznań, Kraków na Wilno. Sensa ya 2021: Warsaw milioni 1.86, Kraków 800,000, Wrocław kama 673,000, Łódź kama 671,000, Poznań 547,000. Nikachora majedwali mawili ubaoni, nikaanza kumwaga nondo za ukuaji wa miji.

Dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, Lwów ilikuwa ya tatu. Sasa iko wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa: imeshuka, imepitwa na wenzake. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake, hakusema neno.

Jamani, nilidanganya darasa zima! Jioni nikajichimbia maktaba. Lwów haikushuka popote, iko palepale ilipokuwa. Kilichohama ni mpaka. Baada ya vita, 1945, mashariki ya Poland ilibaki mikononi mwa Urusi ya Kisovieti. Leo Lwów ni Lviv ya Ukraine, na Wilno ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Yaani katika ile miji sita ya 1931, miwili iko nchi nyingine.

Na Wrocław, ya tatu ya sasa, mbona 1931 haimo? Kwa sababu ilikuwa Breslau, mji wa Ujerumani, wenye watu kama 630,000 mwaka 1939. Poland ilipopewa mji huo, Wajerumani wakaondolewa, wakaletwa Wapolandi, wakiwemo watu wa Lwów na walimu wa chuo kikuu cha kule. Ukitazama 630,000 na 673,000 utasema mji umeongezeka kidogo tu. Kumbe karibu watu wote walibadilishwa!

Warsaw nayo msiiangalie hivihivi. Kabla ya vita ilifika watu milioni 1.3, karibu theluthi yao Wayahudi. Wayahudi wakauawa, halafu baada ya maasi ya 1944 Wajerumani wakawafukuza waliobaki na kuuangusha mji. Sensa ya 1946 ikaikuta na watu kama 479,000, Łódź ikiwa mbele na 497,000. Na Łódź yenyewe ilikuwa imepoteza Wayahudi wake. Ilikuja kupanda tena kwa viwanda vya nguo, vikaanguka baada ya 1989, ndiyo maana leo ni ya nne.

Sasa kilichoniuma zaidi. Mimi nimekulia jirani na Tengeru, Arusha, na makaburi ya Wapolandi pale nimepita tangu nikiwa mtoto. Wakimbizi kama 5,000 walikaa kambini hapo kuanzia 1942, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamebebwa na Wasovieti kutoka mashariki ya Poland mpaka Siberia, wakatokea Iran, wakaletwa kwetu. Siku zote nilijiuliza, vita imeisha 1945, mbona hawakufunga virago wakarudi kwao? Wengi kwao kulikuwa upande huohuo wa Lwów na Wilno. Jibu lilikuwa kwenye jedwali nililolichora mwenyewe, nikalipita kama gari la mizigo!

Mwalimu amenipa dakika tano Jumanne ijayo nirekebishe. Yule dada nimeshamwomba radhi, kacheka sana, kasema radhi bila chipsi mayai haijakamilika. Bumu likitoka, basi.