Bayogesi: Elimu ya kuusoma mtambo ndiyo uhai wake

ANAYESAFIRI kutoka Voi kuelekea Mwatate na Taveta huiona mistari ya mkonge ikinyooka chini ya milima ya Taita. Shamba la mkonge la Teita, lililoko Mwatate, huhesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Zao hilo liliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipolileta katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na tangu hapo sifa yake imekuwa nyuzi.

Hata hivyo, nyuzi ni sehemu ndogo mno ya jani. Katika kila tani 100 za majani yanayopitishwa kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua nyuzi, zinazotoka kama nyuzi ni tani zipatazo nne pekee. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Mabaki hayo yakirundikwa huoza, na panapokosekana hewa huzaa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 100 hulitia anga joto mara 28 hivi kuliko uzito uo huo wa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hiyo ikikusanywa katika tangi lililofungwa, huwasha meko na kuendesha jenereta.

Kwamba nishati imo katika mabaki hayo ni jambo lililothibitishwa zamani. Lililo gumu ni kuitoa kila siku, mwaka baada ya mwaka, pasipo mtambo kuzimika.

Hale, Kilifi na Naivasha

Mfano ulio karibu na Taita Taveta kwa hali na kwa zao ni shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Katani ilijenga huko mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, ikisaidiwa na Serikali ya Tanzania, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda (UNIDO) na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kilowati 150.

Katika kipindi hicho hicho mtambo wa ukubwa kama huo ulijengwa Kilifi, ambako mabaki ya mkonge yalichanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 2015 mtambo mkubwa zaidi, wa megawati 2 na ushei, ulianza kazi katika shamba la Gorge, Naivasha, ukitumia mabaki ya mboga na mimea.

Kuchanganya mkonge na samadi kuna sababu yake. Nyama ya mkonge ina kaboni tele lakini ni maskini wa naitrojeni, ambayo vijidudu huihitaji ili kukua. Mwaka 2004 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake waliarifu kwamba walipochanganya mabaki ya mkonge na ya samaki kwa kiasi kilichopimwa, methani iliongezeka kwa kati ya asilimia 59 na 94. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba kuzikata nyuzi taka hadi urefu wa milimita mbili huongeza methani kwa asilimia 23. Faida yote hiyo ilitokana na kujua kipimo cha kila kinachoingia tangini.

Kazi ya makundi mawili

Ndani ya tangi mna vijidudu vya aina nyingi, lakini kwa mwendeshaji yatosha kuyafahamu makundi mawili. Kundi la kwanza huvunja chakula kigumu na kukigeuza kuwa asidi. Kundi la pili huzipokea asidi hizo na kuzigeuza kuwa methani na kaboni dayoksaidi. Kwa kawaida methani huwa kati ya asilimia 50 na 70 ya gesi yote.

Makundi haya hayalingani kwa kasi. Watengenezaji wa asidi huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa chache, ilhali watengenezaji wa methani huhitaji siku kadhaa. Mwendeshaji akilisha tangi kupita kiasi, asidi huzalishwa kwa kasi isiyoweza kufuatwa na kundi la pili. Asidi zikirundikana, kundi hilo hudhoofika, na kudhoofika kwake huzidisha mrundiko. Tangi hapo limechachuka, na kulifufua huweza kuchukua wiki nyingi, pengine miezi.

Hesabu inayotangulia ajali

Hapa ndipo inapoingia modeli, yaani kielelezo cha hesabu kinachoiga mwenendo wa tangi. Msingi wake ni sawa na hesabu za duka: kilichoingia, ukitoa kilichotoka, ukijumlisha kilichozalishwa, ndicho kilichoongezeka. Mwaka 1949 Mfaransa Jacques Monod alieleza jinsi kasi ya kukua kwa bakteria inavyotegemea wingi wa chakula. Mwaka 1968 Mmarekani John Andrews aliongeza jambo kuu kwa bayogesi, kwamba chakula kikizidi mno chaweza kuwa sumu kwa anayekila. Mwaka 2002 jopo la Shirika la Kimataifa la Maji lilichapisha modeli iitwayo ADM1, yenye milinganyo zaidi ya 20, ambayo hadi leo ni kipimo cha watafiti wengi.

Mkulima hahitaji milinganyo yote hiyo. Tuseme tangi lina nafasi ya lita 3,000 za uji wa samadi, nalo hulishwa lita 60 kwa siku. Gawa 3,000 kwa 60, utapata siku 50, ambao ndio muda uji unaokaa tangini. Lita hizo 60 ni kilo 30 za samadi na lita 30 za maji, na samadi hiyo hutoka kwa ng'ombe watatu hivi wanaofugwa zizini. Gesi yake ni kama mita moja na robo za ujazo kwa siku, inayotosha meko moja kwa saa tatu hivi. Lishe ikiongezwa maradufu, muda wa kukaa hushuka hadi siku 25, na vijidudu vyenye kukua polepole huanza kusombwa nje kabla havijazaliana vya kutosha.

Hesabu iyo hiyo haiwezi kuhamishwa bila kurekebishwa, hata ndani ya kaunti moja. Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake huwafaa vijidudu. Wundanyi iko mita 1,400 hivi, na baridi ya milimani huwapunguza kasi. Tangi la Wundanyi hulazimu kuwa kubwa zaidi, au kulishwa kidogo, ili litoe gesi ileile.

Kudhibiti kitu kinachochelewa kujibu

Udhibiti ni kupima, kulinganisha na lengo, kisha kurekebisha. Dereva wa matatu anayepanda Wundanyi hufanya hivyo kila anapokanyaga mafuta, naye huuona mrejesho papo hapo. Tangi la bayogesi hujibu baada ya siku. Anayesubiri hadi gesi ipungue ndipo apunguze lishe, huwa amechelewa.

Kwa sababu hiyo mwendeshaji wa kiwanda hutazama dalili za mapema. Huweka joto karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, au kati ya 50 na 55 iwapo vijidudu vyake ni vya joto kali. Hupima uwiano wa asidi na bikaboneti, na wengi hupunguza lishe unapopita 0.4 hivi. Kipimo cha pH, ambacho hupendwa kwa kuwa ni rahisi, hushuka baadaye, bikaboneti inapokuwa imekwisha kuliwa. Modeli humsaidia kwa kumwonyesha leo kitakachotokea wiki ijayo.

Nyumbani zana ni chache, lakini kanuni hazibadiliki. Mwali hafifu usiotaka kuwaka ni ishara ya kaboni dayoksaidi kuzidi, na harufu kali ya kuchachuka kwenye uji unaotoka ni onyo la asidi. Dawa ya kwanza ni kusimamisha lishe kwa siku kadhaa, wala si kuongeza samadi kwa matumaini ya gesi zaidi.

Maji, kuni na ukame

Katika mazingira ya Voi lita 30 za maji kwa siku si jambo dogo, kwani ni mtungi mmoja na nusu ambao aghalabu huchotwa na mama au binti. Sehemu ya maji hayo huweza kuokolewa kwa kurudisha majimaji yanayotoka tangini, mradi chumvi na amonia zisirundikane. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2022, wafugaji wengi wa kaunti walipoteza mifugo, na tangi lisilo na samadi hubaki shimo la saruji. Familia nayo hurejea kwenye kuni.

Kurejea huko kuna gharama. Vichaka vilivyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ndiko uliko mradi wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa kwa kulinda misitu chini ya mpango wa REDD. Kila meko ya gesi inayodumu huupunguzia msitu huo mzigo.

Darasa lililo karibu

Karibu na mji wa Voi kipo Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki na kupata hati yake mwaka 2016. Kinafundisha uhandisi wa madini na uchenjuaji, na kina kituo cha ubora cha madini na mazingira kinachoshirikiana na vyuo vya Dresden na Freiberg nchini Ujerumani. Mjini Voi kuna pia Taasisi ya Teknolojia ya Pwani, inayowafunza mafundi.

Mlinganyo wa kilichoingia na kilichotoka ni mmoja kwa tangi la kuchenjua madini, la maji na la samadi. Somo laweza kuanza na ndoo yenye tundu na saa ya mkononi, kisha likahamia kwenye jedwali la kompyuta. Humo mwanafunzi ana ruhusa ya kulisha kupita kiasi na kuliua tangi mara kumi kwa saa moja, akiona kila mara ni dalili ipi ilitangulia. Tangi halisi likifa, familia hukaa miezi bila gesi.

Mwashi hukabidhi tangi na kuondoka, lakini vijidudu hubaki na mwenye nyumba. Bajeti ya bayogesi isiyotenga fungu la kumfunza huyo hujenga nusu ya mtambo.