Mshahara Huingia Lini?

Mwaka jana nililinda lango la tamasha moja jijini Nairobi kwa siku mbili, usiku. Kampuni za ulinzi zikipata kazi ya namna hiyo hutafuta watu wa muda, wakiwemo wanawake wa kuwapekua wanawake wenzao. Nilipewa fulana nyeusi, tochi, na ahadi ya shilingi 1,500 kwa kila usiku. Makubaliano yetu yote yalikuwa ujumbe mmoja wa simu. Ulitaja mahali, saa ya kuripoti na kiasi cha pesa. Haukutaja siku ya kulipwa.

Jumapili alfajiri, tulipokuwa tukirudisha fulana, mzee mmoja niliyesimama naye langoni alimuuliza msimamizi, "Mkubwa, hiyo kitu yetu inaingia lini?" Akajibiwa kwamba mteja akiilipa ofisi, nasi tutalipwa. Pesa ziliingia baada ya wiki saba.

Katika wiki hizo nilikuwa nikisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu kazi za vibarua. Daftari langu lilikuwa limejaa viwango vya mishahara: fulani alilipwa kiasi gani, wapi, mwaka gani. Sikuwa nimeandika popote alilipwa lini. Swali la mzee lilinirudisha nyuma kusoma upya.

Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo. Unguja na Mombasa katika karne ya 19, mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, na sehemu ya ujira wake ikaenda kwa bwana wake. Mtu akaitwa jina la karatasi aliyoshika. Ulikuwa utumwa na hauna cha kusifiwa, ila kazi ilihesabiwa kwa siku.

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilileta hesabu nyingine. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kipande, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi na mshahara, na mtu alipoondoka ndiye aliyetia saini kumruhusu. Bila saini hiyo, kupata kazi kwingine kulikuwa balaa.

Sambamba na kipande kulikuwa na tiketi ya siku 30. Siku uliyofanya kazi na kuimaliza iliwekewa alama. Siku uliyougua haikuhesabiwa, wala ile ambayo kazi yako ilikataliwa. Kwa hiyo mwezi wa tiketi haukuwa mwezi wa kalenda. Ungeweza kuchukua wiki tano, sita au zaidi, na mshahara ulitoka alama 30 zikitimia. Mtu mwenye alama 22 hakuwa na pesa mkononi, lakini alikuwa na sababu 22 za kutoondoka. Nilipolielewa hilo niliacha kuona kuchelewa kwa mshahara kama uzembe wa karani. Kulikuwa njia ya kumshikilia mtu, tena isiyohitaji askari kila siku.

Walowezi walipokata mishahara mwaka 1921, Harry Thuku alipata wasikilizaji kwa kuzungumzia mambo hayo: mshahara, kodi na kipande. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inazungumza lugha nyingine kabisa. Inamweleza kibarua kuwa ni mtu ambaye masharti yake ni kulipwa kila siku inapoisha, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yaani sheria inamtambua kwa saa ya kulipwa! Kifungu cha 18 kinaendelea: kibarua alipwe mwisho wa siku, na aliyeajiriwa kwa zaidi ya siku moja bila kuzidi mwezi alipwe muda huo unapoisha. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku za kutimiza mwezi, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Nilisoma kifungu cha 18 mara kadhaa nikitafuta maneno "mteja akilipa". Hayamo. Kwa vyovyote vile, mzee na mimi tulistahili kulipwa ile Jumapili.

Kwingine wamekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la California, Marekani, mwanamitindo aliyefanya kazi ya siku moja kwa ujira wa dola 500 alikaa zaidi ya miezi miwili bila kulipwa. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba kazi ya siku moja ikiisha, malipo yake hudaiwa papo hapo. Mwaka 2016 sheria ya huko ikataja wazi kwamba walinzi wa muda walipwe kila wiki. Na mwajiri akichelewesha kwa makusudi malipo ya mtu aliyemaliza kazi, ujira wa kila siku huendelea kuhesabiwa hadi siku 30. Ni siku 30 zilezile, ila sasa zinamhesabia mwajiri.

Pesa zetu zilipoingia zilikuwa shilingi 3,000 kamili. Hakuna senti iliyokosekana, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kulalamika. Lakini mzee alikuwa amekopa kwa simu katika wiki ya tatu, akakopa kwingine kulipa mkopo ule, na katika wiki ya tano akaniomba nauli. Kwa wiki saba sisi ndio tuliokuwa tukiikopesha kampuni, bila riba, na yeye akilipa riba kwa niaba yake.

Nilimsomea kifungu cha 18 kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mama, ukiwaonyesha hiyo, Desemba watakuita?"

Desemba ujumbe ulikuja: mahali, saa, kiasi. Nilijibu kwa kuuliza siku ya malipo, na sijaitwa tena tangu hapo. Mzee hakuuliza. Alifanya kazi usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya, na alipolipwa watoto walikuwa tayari wamerudishwa nyumbani kwa karo.